MTEJA SI MFALME, NAYE MHUDUMU SI MTUMWA

Katika karatasi yetu hii tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, zamu za usiku na likizo. Leo naomba nafasi niseme habari ya sahani ya chakula. Msicheke. Mtu wa reli hula hotelini kuliko alavyo nyumbani kwake, maana kazi yake humtoa kwake saa ambazo mkewe na watoto wake wangali usingizini, na humrudisha wakati sufuria zimekwisha oshwa. Basi habari ya hoteli ni habari yetu.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Siku hizi hapa Voi, kila mahali nikaapo na wenzangu, nasikia lawama moja. Chai imepoa. Wali una mawe. Nyama ni mfupa mtupu. Mhudumu kakunja uso. Tumekaa nusu saa na hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Lawama hizi ni za kweli nyingi, wala sitazikana. Lakini angalieni mahali zinapotupwa. Hazitupwi kwa mwenye hoteli, maana yeye hayupo. Yuko Mombasa au Nairobi, au yuko ofisini nyuma na mlango umefungwa. Zatupwa juu ya yule binti aliyebeba sinia. Tena sasa watu wana simu zenye kupiga picha, na mteja akichukia huipiga picha sahani, humpiga picha na binti, akaandika maneno yake, akatoa nyota moja kati ya tano, na dunia nzima ikasoma. Yeye huenda zake ameshiba hasira yake. Binti hubaki.

Nasema hivi: chakula kibaya na huduma mbaya hupikwa na mwenye mali kabla mpishi hajawasha moto. Nasi wafanya kazi tukimwadhibu mhudumu kwa kosa la tajiri wake, tumekuwa kiboko mkononi mwa tajiri, tena kiboko asichokilipia.

ANGALIENI JIKONI

Hebu tuifikiri hoteli ya kando ya barabara kuu, kama zile zilizojipanga kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Basi la usiku linafika. Abiria hamsini wanashuka, na dereva amewaambia wana dakika ishirini. Wote wana njaa kwa wakati mmoja, na wote wataka chai ya moto kwa wakati mmoja. Ndani mna wahudumu wawili na mpishi mmoja. Ni nani aliyeamua wawe wawili wasiwe watano? Si mhudumu. Ni nani aliyenunua mchele wa bei ya chini wenye mawe? Si mpishi. Ni nani aliyesema mafuta ya kukaangia yasimwagwe mpaka yawe meusi kama mafuta ya gurudumu? Ni nani aliyekataa kununua chupa za kutosha za kuwekea chai? Na yule binti mwenye uso uliokunjamana, ni nani aliyempa zamu tangu saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi, akisimama kwa miguu yake, bila kiti cha kupumzikia?

Majibu yote yaelekea mlango mmoja, ule mlango wa ofisi uliofungwa.

Nimeona mambo haya kwa macho yangu. Siku moja tulipotoka zamu ya usiku, tuliingia hoteli moja ambayo sitaitaja jina. Wateja wanne wa meza ya jirani walikula, wakaingia gari lao, wakaondoka bila kulipa. Msimamizi hakuwafuata. Alifungua daftari, akaandika deni lile juu ya jina la dada aliyewahudumia. Nilimwuliza yule dada kama jambo hili ni la mara moja. Akaniambia, “Kaka, kila mwezi. Na mteja akilalamika pia wanakata.” Alisema maneno hayo huku akifuta meza, wala hakulia, kama mtu anayesema habari ya mvua. Kisha akatuletea chai, nayo ilikuwa imepoa. Mwenzangu mmoja alitaka kufoka. Nikamwambia, chai hii imepoa kwa sababu mtu aliyeileta amesimama akihesabu ni siku ngapi atafanya kazi bure mwezi huu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na ndivyo tunavyofanya tukikaa mezani.

SISI WA RELI TWAJUA

Ndugu zangu, sisi si wageni wa jambo hili. Mwaka 2017 gari moshi jipya la abiria, lile waliloliita Madaraka Express, lilianza safari zake kati ya Mombasa na Nairobi, na Voi ikapata kituo kipya. Kabla ya mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilikuwa shilingi 1,000, na daraja la kwanza shilingi 3,000. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ikapanda, ya kawaida ikawa shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza shilingi 4,500. Wakubwa walitoa sababu ya bei ya mafuta. Sawa. Lakini abiria alipofika kituoni na kukuta bei mpya, alimtukana nani? Hakumtukana mkubwa aliyetia sahihi karatasi. Alimtukana kijana wa dirishani, aliye na mama yake na nauli yake ya matatu kama watu wengine. Kijana yule hakuipanga nauli. Aliisoma ubaoni kama abiria alivyoisoma.

Kadhalika gari likichelewa, atukanwaye ni yule aliyevaa sare na kusimama karibu. Njia ikiharibika, wanaolaumiwa ni wale waliokesha wakiitengeneza. Jambo hili tumelilalamikia mara nyingi katika mikutano yetu, tukasema abiria hana haki ya kututupia sisi hasira ambayo ni ya wakubwa. Tumesema kweli. Lakini mtu huyo huyo aliyesema maneno hayo mkutanoni, akitoka pale akaingia hotelini, humwita dada wa watu kwa kupiga mluzi. Je, haki ni ya reli tu? Haipiti mlango wa hoteli?

VOI NA CHAKULA CHA GARI MOSHI

Wengi wa vijana hawajui ya kuwa mji wetu huu ulikuwa na jina kubwa katika habari ya chakula cha safari. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Siku zile za kwanza magari hayakuwa na behewa la kulia chakula. Gari lilipofika Voi jioni lilisimama, na abiria wa madaraja ya juu walishuka kula katika nyumba ya wasafiri iliyojengwa na reli, waliyoiita dak bungalow. Jina hilo lilitoka India, mahali ambapo nyumba kama hizo zilijengwa kwa ajili ya watu wanaosafiri katika njia za posta. Wasafiri wengine Wazungu walirudi kwao wakaandika vitabu, wakasimulia chakula cha Voi, nacho hawakukisifu sana. Kwa hiyo mwaona, kulalamikia chakula cha Voi ni jambo la tangu mwanzo wa reli!

Lakini katika masimulizi kama hayo msafiri hutaja nyama na vumbi na joto, naye aliyepika hana jina. Aliyechota maji hana jina. Aliyesimama nyuma ya kiti akifukuza nzi hana jina. Yeye aliitwa “Boi!” hata kama alikuwa na mvi na wajukuu. Ukelele huo, “Boi!”, ulikuwa ndio utaratibu wote wa huduma.

Baadaye magari yakapata mabehewa ya kulia chakula, yenye vitambaa vyeupe, na kengele ikapigwa kuwaita abiria mezani. Nani aliitwa na kengele ile? Kwa desturi ya ukoloni, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu ndilo letu. Babu zetu wa daraja la tatu walikula kwa kupitia dirishani. Gari lilisimama, na akina mama wakaja mbio na ndizi, mayai ya kuchemsha, machungwa na mandazi, pesa zikapita juu na chakula kikapita chini, na mara nyingi gari likaondoka kabla ya chenji kurudi. Hata hivyo ule ulikuwa mlo wa heshima kuliko ule wa kitambaa cheupe, maana muuzaji na mnunuzi waliitana mama na mwanangu.

Sasa nawaambia jambo ambalo halifai kusahauliwa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, watu kadiri ya 15,000. Watu wa bandari waliweka chini mizigo. Watu wa reli waliacha kazi. Na pamoja nao walitoka watumishi wa hoteli na watumishi wa nyumbani, wale wale waliokuwa wakiitwa “Boi!”. Wapishi na wahudumu wakaondoka jikoni kwenda kwenye mikutano, na wakubwa wakalazimika kujipikia chai yao wenyewe. Katika mgomo ule likajulikana jina la Chege Kibachia na chama cha African Workers Federation. Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa kukaa mbali huko Baringo. Lakini Serikali ililazimika kuunda baraza la kuamua habari ya mishahara, na mishahara ikaongezwa.

Mtu wa reli na mhudumu wa hoteli walisimama kiwanja kimoja mwaka 1947. Leo mtu wa reli amekaa kitini, mhudumu amesimama mbele yake, na wanatazamana kama maadui. Ni nani amefaidika na uadui huo?

Msidhani tena ya kuwa habari ya ubaguzi mezani ilikwisha na ukoloni. Mwaka 2015 hoteli moja ya Kichina katika Nairobi ilifungwa na wenye mamlaka ya mji, baada ya magazeti kutoa habari ya kuwa Waafrika hawaruhusiwi kuingia jioni. Watu walikasirika nchi nzima, na ilikuwa haki yao kukasirika. Lakini kumbukeni, aliyesimama mlangoni akiwazuia watu ni askari Mwafrika wa kuajiriwa. Ilikuwa rahisi kumtukana yeye. Waliofanya la maana ni wale waliomwacha askari, wakaitaka Serikali imwulize mwenye hoteli kibali chake. Na kumbe kibali hakikuwa sawa.

HABARI ZA UJAPANI

Kuna watu wasemao, “Wenzetu wa nchi zilizoendelea wanajua huduma. Tazama Wajapani!” Vema, na tuwatazame Wajapani.

Tambi za pakiti tunazoziona katika kila duka la Voi, zile ambazo watoto wanazililia na vibanda vinazipika na yai, asili yake ni Ujapani. Bwana Momofuku Ando ndiye aliyezitoa kwanza mwaka 1958. Lakini Wajapani wenyewe wana hoteli za tambi tangu zamani, na jambo la kutupendeza sisi watu wa reli ni kwamba nyingi ziko katika vituo vya gari moshi. Abiria anashuka, anatia sarafu katika mashini, mashini inatoa tikiti, anampa mpishi tikiti, na baada ya dakika chache anapewa bakuli la tambi katika mchuzi wa moto. Hula kwa kusimama. Fundi wa njia husimama hapo, na karani mwenye tai husimama ubavuni pake, bakuli moja na bei moja. Wakimaliza hurudisha bakuli, huenda zao. Hakuna bakshishi. Mteja akiacha fedha mezani, mhudumu humkimbilia amrudishie, akidhani amesahau.

Mwaona? Bei ya bakuli ndiyo bei. Ujira wa mhudumu umo ndani ya bei, haukuwekwa juu ya huruma ya mteja. Hilo ni jambo la kuiga.

Lakini msiambiwe ya kuwa kule ni mbinguni. Wajapani nao wana usemi, tangu miaka ya 1960 na kitu, ya kuwa mteja ni mungu. Sisi twasema mfalme, wao wamezidi. Na usemi huo ukazaa matunda yake. Wateja wakawa wanawafokea wahudumu, wanawalazimisha wapige magoti kuomba radhi, wanawapiga picha na kutangaza majina yao. Vyama vya wafanya kazi ndivyo vilivyopiga kelele, na hasa kile cha watu wa maduka na mikahawa kiitwacho UA Zensen. Kiliwauliza wanachama wake mambo yaliyowapata, kikayaweka wazi mbele ya watu. Mwisho wake, mwezi wa Oktoba 2024 baraza la mji wa Tokyo lilipitisha sheria ya kukataza wateja kuwatesa wafanya kazi, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2025. Haina faini wala kifungo, lakini yasema wazi mbele ya watu wote ya kuwa mteja ana mipaka.

Tena mwaka 2014 kampuni moja kubwa ya mikahawa kule ilionekana ya kuwa imemwacha mtu mmoja peke yake usiku kucha katika duka zima, apike yeye, agawe yeye, apokee fedha yeye, aoshe vyombo yeye, na choo asafishe yeye. Wafanya kazi walichoka, wakaacha kazi kwa wingi, na maduka mengi yakafungwa usiku kwa kukosa watu. Ndipo kampuni ikakubali kuweka watu wawili usiku. Haya, huyo mtu mmoja akichelewesha bakuli lako, utampa nyota ngapi? Hata Mjapani, mwenye sifa ya huduma duniani kote, hawezi kutoa huduma njema akiwa peke yake. Basi tusiseme uvivu ni tabia ya mtu wa Voi.

MANENO YA WAPINZANI

Najua mtanijibu. Mtasema, “Wewe watetea uzembe. Wako wahudumu wakorofi kweli kweli. Wako wanaobana chenji. Wako wapishi wasionawa mikono. Na fedha yangu ni ya jasho, kwa nini nile mawe?”

Nakubali. Mtu abanaye chenji ni mwizi, hata akiwa maskini. Mpishi asiyenawa mikono anaweza kuua mtoto wa mtu. Mimi sisemi mteja anyamaze. Nasema aseme na mwenye jambo.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imetupa sote silaha mbili. Kifungu cha 46 chasema mteja ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kulindwa afya yake. Kifungu cha 41 chasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, kupata ujira ulio sawa, kujiunga na chama na kugoma. Vifungu hivi viwili ni vya mtu mmoja. Mchana mimi ni mfanya kazi wa kifungu cha 41, jioni ni mteja wa kifungu cha 46. Yule dada wa hotelini naye, siku ya mapumziko yake, akipanda gari letu, amekuwa mteja na mimi ndiye mhudumu wake. Tajiri apenda sana tuvisahau vifungu hivi viwili kuwa ni vya mtu mmoja. Apenda wateja wapigane na wahudumu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, ndivyo tusemavyo. Lakini hapa ni nyasi kwa nyasi zinazopigana, na tembo amelala kivulini.

Na yale makato, je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeorodhesha fedha ambazo mwajiri ana ruhusa kuzikata katika mshahara. Mali yake ikiharibiwa au kupotea kwa kusudi la mfanya kazi, aweza kukata kiasi kinachofaa. Mtu asipokuja kazini bila ruhusa, aweza kukata, lakini si zaidi ya ujira wa siku moja kwa kila siku aliyokosa. Yako na mengine. Lakini hakuna mahali palipoandikwa ya kuwa mhudumu akatwe kwa sababu mteja hakupenda uso wake. Hakuna palipoandikwa ya kuwa mwizi akila na kukimbia, mhudumu asiye na kosa alipe. Kifungu cha 27 chasema mtu apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la tabia au kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama karibu yake. Nyota moja ya simu si kesi. Picha si hukumu.

Wengine watasema, “Mimi humpa bakshishi, yatosha.” Ndugu, bakshishi ni zawadi nzuri, mpe ukipenda. Lakini isiwe ndiyo mshahara. Tajiri akiona wahudumu wake wanapata bakshishi, husema mshahara mdogo watosha. Hivyo shilingi zako ishirini ulizozitoa kwa moyo mwema zimeingia mfukoni mwa tajiri kwa mlango wa nyuma. Tena bakshishi hufundisha mhudumu kumkimbilia mwenye suti na kumwacha mwenye ovaroli. Sisi wenye ovaroli twalijua hilo, maana ndisi tunaokaa nusu saa bila kuulizwa.

TUFANYE NINI

Maneno matupu hayajazi tumbo. Haya ndiyo nionayo mimi.

Kwanza, chakula kikiwa kibaya, kirudishe kwa adabu na umtake msimamizi. Mwambie yeye mbele ya watu, tena mwambie kwa sauti ya kadiri: mchele wenu una mawe, wahudumu wenu ni wachache, chai yenu haina chupa. Usikubali akuitie binti aombe radhi kwa niaba ya tajiri. Kama ni jambo la uchafu wa kuhatarisha afya, nenda kwa maafisa wa afya wa kaunti. Hiyo ndiyo kazi yao, nao wana nguvu ya kufunga jiko.

Pili, ukiandika katika simu, andika habari ya hoteli, usiandike jina wala picha ya mhudumu. Andika, “Hapa wahudumu ni wachache na wanakatwa mishahara.” Maneno hayo ndiyo yatakayomwuma mwenye mali.

Tatu, uliza. Neno moja tu: “Dada, hapa mna chama?” Wafanya kazi wa hoteli wana chama chao nchini Kenya, nacho ni KUDHEIHA. Mhudumu wa kibanda kidogo huenda hajapata kulisikia jina hilo. Sisi tulio katika chama cha reli tumezoea kujiona wakubwa kwa sababu chama chetu ni cha siku nyingi. Ukubwa huo na ufae mtu. Mwambie yule dada ofisi iko wapi, na wewe umsindikize ikiwa anaogopa.

Nne, tuwe na neno moja kama wateja. Kila mwezi watu wa reli hapa Voi wanaacha fedha nyingi katika hoteli chache. Tukisema wote kwa pamoja, “Hatuli mahali ambapo wahudumu wanalipishwa madeni ya wezi,” mwenye hoteli atasikia kabla jua halijatua. Nguvu ya mteja ni kubwa, ndiyo maana tajiri humwita mfalme. Basi tuitumie nguvu hiyo kwa haki, tusiitumie kwa kumpigia binti mluzi.

Tano, tudai mahali pa kula palipo pema kazini kwetu sisi wenyewe. Vilima vya Taita vinatoa mboga zinazokwenda mpaka Mombasa. Soko la Taveta limejaa ndizi. Mama zetu wanajua kupika kimanga kinachomshikilia mtu kutwa nzima. Kwa nini mtu wa zamu ya usiku ale mkate mkavu na soda? Ikiwa Mjapani wa sarafu chache anapata bakuli la moto kituoni, na sisi tunaweza kupata sahani ya moto, kwa bei isiyoumiza, iliyopikwa na mtu anayelipwa vizuri. Jambo hili liingie katika madai ya chama, wala lisionekane dogo. Mtu mwenye njaa akishika taa ya ishara ni hatari kwa abiria wote.

Ndugu wafanya kazi, dini zetu zote, ya misikitini na ya makanisani, zimetufundisha ya kuwa ni dhambi kumnyima mtu ujira wake. Tumezoea kudhani ya kuwa dhambi hiyo ni ya matajiri peke yao. Lakini mteja anayelilia bei ya chini kuliko zote, na huduma ya juu kuliko zote, na asiyetaka kujua nani anailipia tofauti hiyo, ana fungu lake katika dhambi. Tofauti hiyo hulipwa na mtu. Hapa Voi hulipwa na yule dada mwenye daftari la madeni ya watu waliokimbia.

Tukae mezani kama watu, tuhudumiwe na watu. Tukilaumu, tulaumu juu. Tukisaidia, tusaidie ubavuni. Na mtu akikuuliza kwa nini mfanya kazi wa reli ajitie katika mambo ya hoteli, mwambie arudi asome habari za Januari 1947.

Umoja ni nguvu.

Mtu wa Reli,
Voi.